Kikundi chetu kinataka watu wapunguze chumvi. Je, tukope, au serikali ina fedha ya kazi hii?

*"Sisi ni kikundi cha akina mama kijijini, mwambao wa Lindi. Wengi wetu ni mama lishe, wengine tunauza samaki wakavu. Tumezika wenzetu kwa kiharusi, na wengine wako ndani, upande mmoja haufanyi kazi. Tumeamua kuhimiza watu wapunguze chumvi. Diwani ametushauri tuombe mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, lakini wenzangu wanaogopa deni. Je, hakuna fedha ya serikali kwa kazi kama hii? Kuna wanaosema chumvi ya mashamba yetu haina neno, mbaya ni ya pakiti. Na nesi mmoja ametuambia tukipunguza chumvi watoto watapata tezi la shingo. Tushike lipi?"*

Dada yangu, poleni sana kwa misiba. Swali lako lina mambo matatu ndani yake. Nitaanza na la fedha, kwa sababu ndilo lenye msimu wake, na ukipita mtasubiri mwaka mzima.

Wenzako wanaoogopa mkopo wana hoja nzito. Ile asilimia 10 inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini ni mkopo na unadaiwa. Ulisimamishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko mengi, likiwamo la fedha kutorejeshwa, ukaanza tena mwaka 2024 kwa usimamizi mpya. Mkopo huo umewekwa kwa ajili ya biashara itakayojilipa. Kumfundisha jirani apunguze chumvi hakuingizi shilingi mfukoni mwenu. Faida yake ni mtu ambaye hakuanguka, na mtu huyo hatawalipa kwa sababu hata yeye hajui kwamba angeanguka. Kazi ya namna hiyo ni ya manufaa ya wote, na ya manufaa ya wote hailipiwi kwa deni la akina mama wachache. Mkitaka kukopa ili mpanue biashara ya chakula, kopeni kwa hesabu ya biashara. Elimu ya chumvi itafutieni mfuko mwingine.

Mfuko huo upo, ila hamtaukuta umeandikwa "chumvi". Umegawanyika sehemu kadhaa. Halmashauri ina afisa lishe na bajeti ya lishe. Tangu mkataba wa lishe uliosainiwa na wakuu wa mikoa mwaka 2017, kila halmashauri inatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Fedha hiyo ni ya watoto, nami nisingewashauri mwombe ihamishwe. Lakini ndiyo inayoendesha Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo mwaka, siku ambayo akina mama wanakusanyika, watoto wanapimwa, na mara nyingi chakula kinapikwa mbele ya watu. Ombeni nafasi ya kupika siku hiyo. Jiko lipo, watu wapo, afisa yupo, gharama imeshabebwa. Wala hamtakuwa mmetoka nje ya lengo: mtoto wa chini ya mwaka mmoja hahitaji kuongezewa chumvi kwenye chakula chake, na huyo wa miaka mitatu anakula chungu kimoja na babu mwenye presha.

Sehemu ya pili ni zahanati yenu. Siku hizi sehemu ya fedha za afya inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kituo kinatengeneza mpango wake wa mwaka pamoja na kamati ya usimamizi ambayo ina wajumbe kutoka jamii. Ulizeni wajumbe wenu ni akina nani. Vijiji vingi havijui kama vina wawakilishi pale, na mpango unaandikwa na mganga mfawidhi peke yake usiku, akiwahi tarehe. Magonjwa yasiyoambukiza yana nafasi yake ndani ya mpango huo. Vifaa vya kupimia presha, siku ya kwenda kupima watu mnadani au mwaloni, karatasi za kumbukumbu: hayo yanaingia kihalali kabisa.

Ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo yenye nguvu. Pelekeni hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji, iingie kwenye muhtasari, ipande Kamati ya Maendeleo ya Kata, ifike halmashauri wakati bajeti inaandaliwa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti yenyewe inapikwa miezi mingi kabla. Hoja inayofika halmashauri mwezi Mei inasifiwa na kuwekwa kando. Inayofika Oktoba au Novemba ina mahali pa kukaa. Msaidizi wenu wa kwanza katika safari hiyo ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye pia ndiye atakayewaelekeza kusajili kikundi kama bado hakijasajiliwa. Mfuko wa Jimbo nao mtu atautaja. Kuuomba hakukatazwi, ila kwa kawaida unaelekezwa zaidi kwenye majengo na vifaa, kwa hiyo msiutegemee.

Akikuulizeni mtu kwa nini fedha ya umma iingie kwenye chumvi, mjibuni hivi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu. Mmoja wao akipata kiharusi, familia inauza shamba, binti anaacha kazi amlee mzazi, na hospitali ya wilaya inabeba mgonjwa wa miaka. Na mambo haya yameshafanyika kwingine, tena yakianzia kwa wananchi wenyewe. Mkoa wa North Karelia, mashariki ya Finland, ulikuwa na vifo vya moyo vya kutisha. Januari 1971 wawakilishi wa mkoa, kuanzia gavana na wabunge wao hadi viongozi wa vyama vya kiraia, walisaini ombi kwa serikali yao wakitaka msaada. Mwaka uliofuata mradi ulianza, ukiongozwa na daktari kijana Pekka Puska. Mradi huo haukuishia hospitalini. Ulishirikiana na chama cha akina mama wa nyumbani kiitwacho Martta, wakawa wanakutana vijijini, wanapika vyakula vilevile vya kwao kwa mafuta na chumvi pungufu, wanakula pamoja. Vifo vya moyo vilishuka sana miaka iliyofuata. Si kwa chumvi peke yake, maana walipunguza pia siagi na sigara, nami sitaki mwahidi kijiji jambo ambalo chumvi pekee haiwezi.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya kwetu na Ulaya, na inawapa ninyi nguvu zaidi. Uingereza karibu robo tatu ya chumvi wanayokula watu iko tayari ndani ya vyakula vya kiwandani, kwa hiyo serikali yao iliwabana wenye viwanda. Chumvi ya mkate ilishuka kwa takriban asilimia 20 kati ya mwaka 2001 na 2011, na walaji wengi hawakuhisi kitu. Afrika Kusini walitunga kanuni mwaka 2013, wakaanza kuzitekeleza 2016, wakiweka kikomo cha chumvi kwenye mkate na vyakula vingine vya viwandani. Kijijini kwenu chumvi nyingi inatoka kwenye mkono wa mpishi. Hakuna kiwanda cha kukibana. Anayelisha watu mia mchana pale stendi ana uwezo juu ya presha ya kijiji kuliko waraka wowote, na ninyi ndio mnaolisha. Sijui hoja bora kuliko hiyo ya kumwambia diwani.

Sasa hayo maneno mawili mliyoyasikia. Kwanza chumvi ya mashamba. Inayovunwa kwenye majaluba ya Lindi, inayotoka Uvinza na inayouzwa kwenye pakiti yenye nembo zote ni kitu kimoja: sodiamu na kloraidi. Gramu 5 za chumvi yoyote, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, zina takriban gramu 2 za sodiamu, na hicho ndicho kikomo cha siku nzima kwa mtu mzima kulingana na Shirika la Afya Duniani. Rangi ya kijivu na punje kubwa havibadilishi hesabu. Tena chumvi ya shambani ikiuzwa bila kutiwa madini joto inakosa faida ambayo ya pakiti inayo. Sisemi haya kuwavunjia riziki jirani zenu wa majaluba. Chumvi yao inahitajika viwandani na kwa mifugo, na ile ya mezani itaendelea kununuliwa.

Nesi naye hakuzungumza ovyo, maana tezi la shingo linatokana na upungufu wa madini joto, na chumvi ndiyo chombo tulichochagua kuyafikisha kwa kila nyumba. Lakini chombo kikipungua, dawa ndani yake inaongezwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 umeshapiga hesabu hiyo: jamii inayokula gramu 5 kwa siku iwekewe miligramu 39 hivi za madini joto katika kila kilo ya chumvi. Kazi yenu ni ndogo. Kila mnaposema "punguza", semeni pia "na hiyo kidogo iwe yenye madini joto, itunze kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na unyevu na jua". Ujumbe uwe mmoja kila mahali. Mkisema nusu yake tu, nesi atakuwa na haki ya kuwapinga mbele ya watu.

Inafaa pia muweze kueleza chumvi inafanyaje, kwa sababu wazee watauliza, hasa yule aliyekula papa mkavu miaka sabini na bado analima. Sodiamu ikizidi mwilini, mwili unashikilia maji ili kuizimua, ndiyo maana kiu inakubana ukila samaki wa chumvi. Maji hayo yanaongeza ujazo wa damu ndani ya mishipa ileile, kama kufungua bomba zaidi kwenye mpira wa maji usiopanuka. Figo zinajitahidi kuitoa sodiamu, lakini mtu anayezidisha kila siku anazilazimisha zifanye kazi hiyo kwa shinikizo la juu zaidi. Miaka ikipita kuta za mishipa zinakakamaa, na shinikizo linabaki juu hata siku ambayo hakula chumvi. Halimuumizi, kwa hiyo hajui. Mshipa mdogo wa ubongo ukiziba au kupasuka, hapo ndipo familia inajua. Miili haifanani: kuna ambaye figo zake zinaitoa vizuri hadi uzeeni, na huyo mzee wenu huenda ni mmoja wao. Hatuna namna ya kumtambua kijana wa namna hiyo kwa kumtazama.

Kwenye chakula cha mwambao, chumvi haiji kwa kijiko peke yake. Ipo kwenye ng'onda na papa mkavu, kwenye Royco na vidonge vya supu, kwenye kopo la chumvi linalopita juu ya chipsi na mishikaki. Na kuna magadi, ambayo watu hawayahesabu kabisa: magadi ya kulainishia maharage na kisamvu ni sodiamu pia. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva bila magadi, ila yanataka subira na kuni kidogo zaidi. Semeni ukweli huo, msiufiche, kwa sababu kuni ni fedha. Samaki mkavu alowekwe, maji yamwagwe, alowekwe tena, kisha apikwe bila kuongeza chumvi hata punje. Ukwaju, ndimu, mbirimbi, tangawizi, kitunguu saumu na tui zito vinaujaza mdomo kiasi kwamba pengo la chumvi halionekani sana.

Msipunguze kwa kishindo. Ulimi unazoea, lakini unataka wiki kadhaa. Mama lishe akikata nusu Jumatatu, Jumanne wateja wako kwa jirani, na kampeni yenu imekufa na mtaji wake. Tuseme sufuria ya maharage ya sahani 60 inaingia gramu 300 za chumvi. Hiyo ni gramu 5 kwa kila sahani, kiwango cha siku nzima kimeisha kabla ya kuhesabu wali wala samaki. Shusheni hadi gramu 270, mkae wiki tatu; kisha 240, kisha 210. Ndani ya miezi miwili na kidogo mmeshusha asilimia 30, ambayo ndiyo shabaha nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilijiwekea mwaka 2013. Fanyeni wote kwa pamoja, meza zote za stendi, ili asiwepo wa kukimbiliwa. Na kopo la chumvi liondoke mezani, anayeitaka aiombe.

Hapo mtaona kifaa cha kwanza cha kuomba kwenye bajeti: mizani ya jikoni, moja kwa kila jiko. Kwa mkono huwezi kupunguza asilimia 10, na kwa kijiko kilichofurika pia huwezi. Halafu mashine za kupimia presha zenye ukanda wa kutosha mkono mnene, na betri zake. Halafu madaftari. Nawasihi msijaze ombi lenu posho za semina, fulana na mabango. Nimesoma maandiko mengi ya miradi ambayo ukiondoa posho hayabaki na kitu cha kumshusha mtu presha, na wakaguzi nao wamejifunza kuyaona. Kikundi kikiweka kiasi kidogo chake chenyewe kutoka kwenye kikoba, hata cha mizani mbili za kuanzia, ombi linasomwa kwa jicho jingine.

Watawauliza mtapimaje matokeo. Kipimo kamili ni mkojo wa saa 24 unaokusanywa na kupelekwa maabara, nao ni ghali na mgumu kijijini. Msijaribu peke yenu. Chuo au hospitali ya rufaa ikitaka kushirikiana, waje na vifaa vyao. Ninyi tumieni hesabu ya pakiti. Kaya ya watu watano ikikaa ndani ya gramu 5 kwa mtu kwa siku, inamaliza gramu 750 kwa mwezi. Ikimaliza kilo 2, kila mtu anapata kama gramu 13. Chagueni kaya kadhaa zilizokubali, andikeni tarehe pakiti inafunguliwa na tarehe inaisha, mtenge chumvi ya kukaushia samaki isichanganywe. Hesabu hiyo ina mapengo, haioni chumvi ya stendi wala ya Royco, lakini mkilinganisha kaya ileile kabla na baada itawaonyesha mwelekeo. Daftari la miezi mitatu linalosomeka litamshawishi mchumi wa halmashauri kuliko hotuba.

Nawaomba pia muitazame shule ya msingi. Huko Changzhi, kaskazini mwa China, walijaribu kitu rahisi katika shule 28: watoto walifundishwa kuhusu chumvi wakapeleka somo nyumbani. Watu wazima wa familia zao wakapunguza takriban gramu 2.9 kwa siku wakilinganishwa na familia za shule ambazo hazikupewa somo. Kama shule yenu inapika uji na makande kwa michango ya wazazi, kamati ya shule inaweza kuweka kipimo cha chumvi kwa kila debe kesho asubuhi bila senti ya mtu.

Mtasikia pia kuhusu chumvi mbadala, ile iliyochanganywa potasiamu. Inafanya kazi. Katika vijiji 600 vya China, karibu watu 21,000, wengi wao waliowahi kupata kiharusi, walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano, na waliopewa chumvi hiyo walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 14. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoipendekeza kwa watu wazima kwa jumla, ukiwaacha nje watoto, wajawazito na wenye figo dhaifu. Kwenu nisingeanza nayo. Ni ghali na haipatikani kirahisi, na mgonjwa wa figo asiyejua hali yake, au anayetumia dawa kama spironolactone, enalapril au losartan, potasiamu inaweza kumpanda hadi moyo ukavurugika. Siku ikiletwa, ije kupitia kwa daktari, isigawiwe na kikundi.

Na mipaka ya kikundi muijue mapema, kwa sababu mkianza kupima watu mtakutana na wagonjwa. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, mtu aende zahanati. Msimwambie "punguza chumvi kwanza tuone". Ikifika 180 kwa 120 na kuendelea, huku ana maumivu ya kifua, kichwa kinachopasuka, macho yenye giza, mdomo uliopinda, mkono uliolegea au maneno yanayokwama, ni hospitali saa hiyohiyo, msisubiri gari la asubuhi. Mjamzito mwenye presha na kuvimba apelekwe kituoni siku hiyo, inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Anayetumia vidonge vya presha asiviache kwa sababu chakula chake kimekuwa na chumvi kidogo. Vitapunguzwa na daktari akiona imefaa. Na mtoto anayeharisha apewe dawa ya maji na chumvi, ORS, kama kawaida. Waambieni akina mama wazi, maana nimewahi kusikia mzazi akiikataa kwa kuwa "chumvi ni mbaya".

Wiki hii nendeni watatu: mmoja kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mmoja kwa mganga mfawidhi kuuliza kikao cha kamati ya zahanati ni lini, mmoja kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ajenda kwenye mkutano mkuu ujao. Mkishapata tarehe hizo, anzeni kuandika daftari la pakiti siku hiyohiyo, ili mkutano ukifika muwe na hesabu mkononi.